Mwavuli Kwenye Meza ya Fundi Cherehani

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na tangi la samaki limeanza kutoa jasho. Mambo haya mawili hayahusiani, ila yameandamana. Kwenye kona ya kushoto, chini, pale vioo vinapokutana, kuna tone la maji ya chumvi ambalo nikilifuta hurudi baada ya nusu saa. Nimeweka kitambaa kimoja. Tangi hili lina miaka kumi na miwili, sawa na miaka yangu ya kustaafu ualimu.

Lakini tatizo si tangi peke yake. Ni Mwavuli. Nilimnunua wiki niliyostaafu, akiwa kipande cha tumbawe laini kisichozidi kifungo cha koti. Nasema kifungo cha koti kwa sababu mume wangu, Mzee, ni fundi cherehani. Siku ile alichomoa kifungo kwenye kopo lake, akakilinganisha na mgeni, kisha akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: "Mteja mpya. Kifungo kimoja." Leo Mwavuli ana upana wa sentimita thelathini na saba, na kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma ni arobaini tu. Akijaribu kunyoosha vidole vyake vyote, vile vinyuzi laini vya kunasia chakula, anasugua vioo pande zote mbili, na tumbawe linalosugua kioo huoza.

Kona ikiachia, yeye na wenzake watakuwa sakafuni. Nimeamua: tangi jipya la lita mia sita, na Mwavuli awe amehamia kabla mvua hazijakatika. Gundi ya kona ile haitavuka msimu.

Jumatano, 4 Machi

Nyumba hii ina ukuta mmoja tu usiopigwa na jua, wenye sakafu imara chini yake na umeme karibu. Ukuta huo ndio wenye meza ya Mzee ya kukatia nguo.

"Mzee, ile meza uliyowekea magazeti," nilianza.

"Hayo si magazeti. Ni ruwaza za suti."

"Mara ya mwisho kukata suti ilikuwa lini?"

"Mwalimu, usinitungie mtihani nyumbani kwangu." Akavua miwani. "Juu ya meza hii nimewakatia mabwana harusi mia nne. Samaki wako wanaoa?"

"Wameshaoana."

Ni kweli. Nina samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, jike na dume. Jike ni mkubwa, humfukuza mumewe kwenye chakula mpaka ashibe yeye kwanza. Tunamwita Bi Mkubwa. Mzee aliwatazama, akanitazama mimi, akasema nyumba zote ni zile zile.

Mwisho wake amekubali meza isogezwe dirishani. Kutoka chumbani haitatoka. Kitambaa kimoja.

Jumamosi, 7 Machi

Shemeji amekuja kupima njia za mabomba. Ni mdogo wake Mzee, fundi bomba tangu ujana, na hajawahi kuingia nyumbani kwangu bila uchokozi.

"Shemeji, uzee wote huu, kumbe umeamua kufuga bahari?"

"Na wewe umeamua kufuga kitambi. Kila mtu na mfugo wake."

Nilimweleza mpango. Tangi la kioo litakuwa juu, na tangi dogo la kuchujia litakuwa chini yake. Maji yatashuka kwa uzito wake, kisha pampu itayapandisha tena. Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Tulipofika kwenye vifaa ndipo tulipogongana, kwa maana yeye hupenda vali za shaba, zinazong'aa na zenye uzito mkononi.

"Plastiki ni ya kumwagilia bustani," alisema. "Mimi nina jina mjini."

Nikamwambia kwamba maji ya chumvi huila shaba taratibu, na shaba ikiingia majini huua kila kiumbe kisicho na mifupa. Hufa konokono, kamba na matumbawe. Samaki huenda wakapona, wakabaki kuishi makaburini.

Nikachukua karatasi nikaandika: HAKUNA CHUMA. HAKUNA SHABA. HAKUNA BATI. Nikampa kalamu. Alisaini huku akicheka, nami nikaibandika karatasi ukutani. Maandishi yakishakuwapo na saini ipo, mtu hulala usingizi.

Jumanne, 10 Machi

Mvua kutwa. Kitambaa kimoja.

Jumamosi, 14 Machi

Tangi limefika. Fundi vioo na wenzake watatu wameliingiza kwa upande, kwa sauti za "pole, pole, kona, kona!" kana kwamba wanapitisha mgonjwa. Urefu wake ni mita moja na nusu. Limewekwa juu ya magodoro mawili sebuleni, tupu, na tayari chumba kimebadilika. Mzee alilizunguka mara tatu akiwa na futi yake shingoni.

"Humu anaingia bwana harusi amesimama wima," alisema.

"Amelala," nilimsahihisha. Kimo cha tangi ni sentimita sitini.

Jumanne, 17 Machi

Seremala ameleta stendi. Ni nzuri kwa macho. Vitambaa viwili.

Ijumaa, 20 Machi

Si nzuri tena. Mbao zilikuwa mbichi, na unyevu wa mvua umezipinda kwa siku tatu. Nimeweka pima maji juu yake, na kiputo kimekimbilia upande mmoja kama mtoto aliyemwona mwalimu. Nikikaza macho naona mwanga ukipita chini ya ubao wa pima maji. Kioo cha uzito ule kisipokaa sawasawa hupasuka.

Seremala alikuja, akainama, akakuna kichwa. "Mama, mbao nayo ina moyo wake."

"Na mimi ninao. Nipe mbao kavu."

"Kavu mpaka mvua zikatike."

Mvua zikikatika kona yangu itakuwa imekwishakatika zamani. Vitambaa vitatu leo.

Jumapili, 22 Machi

Naandika haya kwa ukamilifu, maana sikuyatarajia.

Baada ya chai Mzee alikunja ruwaza zake moja moja, akazifunga kwa kamba, akaziweka juu ya kabati. Kisha akapiga meza kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Mti huu ulikauka kabla sisi hatujaoana," alisema. "Una miguu sita. Weka pima maji yako."

Niliweka. Kiputo kilisimama katikati, hakikutikisika.

"Ni ya juu mno," nilisema.

"Basi nitaipunguza."

"Na suti?"

"Mwalimu, tangu majira ya baridi ya mwaka juzi sijakata suti. Napindia watu suruali. Suruali napindia hata juu ya goti."

Alikata miguu yote sita mwenyewe kwa msumeno wa mkono, kila mmoja shubiri moja. Seremala, aliyekuja kuchukua stendi yake, aliomba kumsaidia akakataliwa. Alipima kila mguu mara tatu kabla ya kukata, kwa futi ya kitambaa. Miguu yote imekuwa sawa kabisa. Vipande sita vilivyobaki amevipanga dirishani.

Nimeishi na mtu huyu miaka arobaini na moja nikidhani ni mkaidi.

Jumamosi, 28 Machi

Tangi limekaa juu ya meza ya Mzee, na Shemeji amemaliza mabomba, yote ya plastiki, yamenyooka kama mistari ya daftari. Nimeyakagua kwa tochi. Tumeanza kujaza maji. Kichujio cha jikoni hutoa lita mia moja kwa siku, tukachanganya na chumvi ndani ya pipa mpaka kipimo cha chumvi kikasema thelathini na tano. Itachukua siku sita kujaa.

Sasa ni kungoja. Maji mapya hayafai kuishi. Lazima kwanza bakteria wazaliane mawe yakiwa ndani, sumu ya uchafu ipande, wao waile mpaka ishuke, iishe. Yanahitaji majuma manne au zaidi. Nimehamisha mawe machache ya zamani ili kuyaharakisha.

"Yaani unapika supu ambayo hakuna atakayeinywa," alisema Shemeji.

Vitambaa vitatu.

Jumatano, 8 Aprili

Sumu imepanda, kama ipasavyo. Vitambaa vitatu.

Jumatatu, 13 Aprili

Imeanza kushuka. Vitambaa vinne. Mzee ameishiwa vipande vya pamba na sasa ananipa vya sufu.

Jumamosi, 18 Aprili

Umeme ulikatika saa tano asubuhi. Pampu ilisimama, na maji ya tangi la juu yakarudi chini kwa bomba la kupandishia, tangi la kuchujia likajaa, likamwagika. Ndoo nne nzima. Kitambaa cha mteja wa Mzee kilikuwa sakafuni, kikalowa. Suruali tatu zilizokuwa zimekwisha kupigwa pasi, zikalowa.

Nilimpigia Shemeji simu. Nilisema kwamba mtu aliyefanya kazi hii miaka thelathini angejua kuwa maji hurudi. Nilisema pia kwamba jina lake mjini labda amejipa mwenyewe. Safari hii hakunichokoza.

"Nitakuja, Shemeji," alisema, akakata.

Mzee, aliyekuwa akikamua suruali, alisema, "Umemchapa."

"Nimemwambia ukweli."

"Ndiyo. Umemchapa nao."

Jumanne, 21 Aprili

Nilikuwa kwa daktari wa macho. Niliporudi Mzee alisema mdogo wake amepita, ameweka vali ya kuzuia maji yasirudi, hakukaa hata kunywa chai. Niliiona imefungwa vizuri kwa utepe mweupe, mzunguko juu ya mzunguko. Jioni umeme ulikatika tena kwa dakika kumi. Halikumwagika hata tone. Nilimtumia ujumbe: "Kazi nzuri." Hakujibu.

Vitambaa sita. Sumu kwenye tangi jipya ni sifuri kwa siku ya nne. Ikibaki hivyo mpaka Jumamosi, nitawahamisha.

Ijumaa, 24 Aprili

Kona imeachia.

Ilikuwa saa saba mchana, mimi nikiosha vyombo. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayefungua bahasha. Niligeuka nikaona maji yakishuka ukutani kama pazia.

"Mzee!"

Alikuja na mkasi mkononi, akautupa. Niliweka beseni chini ya kona. Yeye akaleta kila kitambaa kilichokuwa nyumbani, pamoja na kile cha kijivu alichojiwekea kwa ajili ya suti yake mwenyewe, akazungushia mguu wa cherehani ili maji yasiifikie mota. 

Konokono kwanza, kumi na moja, ndani ya bakuli. Mume wa Bi Mkubwa alikamatika kwa wavu mara moja. Bi Mkubwa aliniuma kidole mara mbili, na Mzee, maji yamefika vifundoni, akapata muda wa kusema, "Ndiyo maana nampenda."

Kisha Mwavuli. Maji yalikuwa yamebaki nusu, naye amejikunja juu ya jiwe lake, mzito kama mtoto aliyelala. Nilishindwa kumwinua peke yangu. Mzee aliingiza mikono yote miwili chini ya jiwe, akamwinua taratibu na kumtia ndani ya beseni la maji yake, akavuka naye chumba akiwa amenyoosha mikono mbele, hatua kwa hatua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akibeba suti ya harusi iliyokwisha pigwa pasi.

Tuliwazoesha maji mapya kikombe kwa kikombe kwa muda wa saa moja. Saa kumi wote walikuwa ndani. Bi Mkubwa alizunguka tangi lote, akachagua kona, akamwonyesha mumewe mahali pa kulala.

Leo sihesabu vitambaa.

Jumapili, 26 Aprili

Mwavuli amejifunga. Ni kawaida baada ya kuhamishwa.

Jumanne, 28 Aprili

Bado amejifunga. Konokono wawili wameanguka chali. Niliwageuza. Wakaanguka tena.

Jumatano, 29 Aprili

Konokono watano. Mwavuli amesinyaa, rangi yake imekuwa ya majivu. Amefika salama, lakini namwona anakufa mbele ya macho yangu, ndani ya nyumba niliyomjengea.

Nilitafuta sababu. Chumvi sawa. Joto sawa. Sumu sifuri. Nikageuka nikamwona Mzee ameketi kwenye kigoda chake kando ya tangi, suruali gotini, anapiga mstari kwa chaki. Vumbi la chaki lilikuwa likielea kwenye mwanga wa taa.

"Ni chaki yako," nilisema.

"Chaki?"

"Inaingia majini. Na ile dawa unayopulizia nguo wakati wa kupiga pasi. Nilikupa ukuta mzima ule, lazima ukae hapa?"

Aliitazama chaki iliyo mkononi mwake. Hakunikumbusha ni nani aliyempa nani ukuta. Alikusanya suruali, kopo la vifungo na kigoda, akahamia barazani, mahali mvua inapochungulia.

Alhamisi, 30 Aprili

Mzee yumo barazani. Konokono wawili wamekufa. Chumba ni safi, hakina chembe ya chaki, na Mwavuli hajafunguka.

Ijumaa, 1 Mei

Nilimpigia simu muuza samaki, yule mama aliyeniuzia Mwavuli.

"Samaki wanaendeleaje, Bibi?"

"Wazima. Wanakula kama wamekodishwa."

"Ila konokono wanaanguka?"

"Tangu Jumanne."

"Bibi, konokono akianguka kwanza na samaki mzima, tafuta shaba."

"Hakuna shaba. Ipo karatasi ukutani, imesainiwa."

"Bibi yangu," alisema kwa upole, "konokono hawajui kusoma."

Nilitoa matone ya kupimia shaba, ambayo sikuwa nimeyafungua kwa sababu ya ile karatasi. Maji ya tangi niliyoyachota kikombeni yakageuka rangi ya samawati. Kisha nikapiga magoti, kwa shida, chini ya meza ya Mzee, nikafungua utepe mweupe mzunguko kwa mzunguko. Ndani yake iling'aa, nzuri, nzito, mpya. Vali ya shaba.

Nilimpigia Shemeji.

"Umeweka shaba."

"Nilijua umekataza," alisema. "Zile za plastiki huwa zinabana vibaya, zinavujisha. Nilisema, kidude kidogo hivi ndani ya lita mia sita kitafanya nini? Sikutaka sakafu yako ilowe tena, Shemeji. Sikutaka unipigie tena simu kama ile."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyarudisha.

"Njoo," nilisema. "Mwavuli anakufa."

Alifika katika mvua kubwa bila koti, na vali mbili za plastiki ndani ya shati lake ili zisilowe, kana kwamba plastiki hulowa. Aliikata ile ya shaba kwa dakika tano, akaiweka mfukoni bila kuitazama. Kisha akafunga ya plastiki mahali pake, akauliza nini kingine. Nikamwambia: maji. Kubadilisha lita mia moja kila siku, na kuweka mkaa maalumu wa kunyonya shaba, mpaka matone yasigeuke rangi.

"Nitabeba mimi," alisema.

Kabla hajaondoka nilimwambia kwamba yale niliyosema juu ya jina lake hayakuwa ya kweli. Alisema, "Nusu yake ilikuwa kweli." Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu ndoo zile nne.

Jumamosi, 2 Mei

Nilikwenda barazani.

"Haikuwa chaki," nilisema.

"Najua. Chaki yangu ina miaka hamsini, haijawahi kumdhuru mtu."

"Nilikosea. Nisamehe."

Alipinda suruali mpaka mwisho wa mguu kabla ya kujibu. "Ulikuwa ukiwapa watoto adhabu gani wakikosea?"

"Kuandika mara kumi."

Akanisogezea daftari la vipimo na kalamu. Niliandika mara kumi, kwa mwandiko wa ubaoni: *Chaki ya fundi haina hatia.* Alikagua kila mstari, akaweka alama ya vema chini, akabeba kigoda chake akarudi ndani.

Jumanne, 5 Mei

Shemeji na mapipa. Samawati imepauka.

Jumamosi, 9 Mei

Matone hayageuki rangi tena. Konokono waliobaki, tisa, wamepanda kioo. Mwavuli bado. Shemeji anakuja tu, hata maji yasipohitajika. Analeta kiti chake karibu na tangi na kumsemesha: "Amka, bwana, unaniharibia jina."

Jumatano, 13 Mei

Bado. Ngozi ya juu imeanza kubanduka kama karatasi. Muuza samaki asema huenda ni dalili njema, huenda si njema.

Jumapili, 17 Mei

Ni njema! Utando ulianguka wote asubuhi, na chini yake amekuwa wa rangi ya maziwa na chai. Saa nane kidole kimoja kimetoka. Kimoja tu, ukingoni, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu. Nilimwita Mzee. Mzee alimwita mdogo wake kwa simu. Kidole kilirudi ndani kabla Shemeji hajafika, akatuita waongo.

Jumatano, 20 Mei

Vidole vingi. Shemeji ameviona. Alijifanya ana kitu jichoni.

Jumapili, 24 Mei

Siku ya nne bila mvua. Sakafu imekauka, na vitambaa vyote viko kwenye kamba, pamoja na kile cha kijivu. Kimeacha alama nyeupe ya chumvi. Mzee asema atakata pale alama isipofika. Nimemwuliza atakatia wapi. Ameonyesha stendi ya seremala, ambayo imekauka, ikanyooka karibu yote, na ambayo seremala ameirudisha kwa aibu. Ameiweka dirishani, na chini ya mguu mmoja usiogusa sakafu ameingiza kibao alichochonga kutoka kimoja cha vile vipande sita.

Mchana Mwavuli alifunguka mzima. Nimemlea miaka kumi na miwili nami sikujua ukubwa wake, maana hakuwahi kupata pa kunyooshea vidole vyote. Bi Mkubwa alikwisha kuingia katikati yake na kumwacha mumewe nje, aombe ruhusa.

Mzee alitoa futi shingoni, akaibandika kwenye kioo, akafumba jicho moja. Shemeji alishika ncha ya pili.

"Arobaini na nusu," Mzee alisema.

Tangi la zamani lilikuwa na arobaini kamili.

Kisha akafungua daftari, akapita ukurasa wenye mistari yangu kumi, akaandika kwa maneno yale yale aliyowaandikia wateja wake wote wa suti. Nimeyanakili hapa kama yalivyo, bila kusahihisha chochote: *Mwavuli. Upana 40½. Aachiwe nafasi ya kunenepa.*